Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tabora

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa nyie mliotoka Nzega, Urambo na Kaliua, maana nauli tunazijua na barabara tunazijua. Katiba yetu inataka taarifa hii iwe ya maandishi ili na asiyekuwepo leo aisome. Mambo ya fedha nitamwachia Mhazini. Mimi nitaeleza kazi iliyofanyika, na kwa sehemu kubwa nitazungumzia mawe, kwa kuwa ndiyo yaliyotukutanisha.

Nianze na lililozua maneno mengi: ditekta. Mkutano Mkuu uliopita ulitoka na shauku kubwa ya kununua kifaa cha kutafutia dhahabu, kamati ikaona vingine. Fedha ile tumenunulia mizani za dijitali, lenzi za kukuza mara 10, sumaku na vigae vyeupe visivyopakwa rangi ya kung'aa, vya kusugulia jiwe ili tuone rangi ya unga wake. Nimesikia yaliyosemwa, ikiwemo kwamba kamati imenunua vyombo vya jikoni. Mizani zile kweli ni za jikoni, na sioni aibu.

Sababu zetu ni hizi. Dhahabu iliyo ndani ya mwamba mara nyingi ni chembe ambazo jicho halizioni, na ditekta huzipita kimya. Inachokipenda ni dhahabu ya punje kubwa, pamoja na misumari, vifuniko vya soda na kila chuma kilichozikwa. Tena ukanda wa mawe ya kijani wa Nzega una ile miamba ya mistari mistari yenye chuma kingi, inayovuta sumaku hadi mtoto akafurahi. Juu ya ardhi ya namna hiyo ditekta hulia ovyo. Mgodi mkubwa wa Golden Pride, ulioanza kutoa dhahabu pale Lusu mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa ukichimba mwamba wenye gramu chache tu kwa tani. Dhahabu ya aina hiyo hupatikana kwa ramani, sampuli na maabara. Kelele za kifaa hazisaidii.

Mizani, kwa upande mwingine, imefanya kazi kila tulipokutana. Kwa faida ya wanachama wapya nitaeleza utaratibu. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka chombo chenye maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kitako wala kuta za chombo. Kinachosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 530 likisukuma gramu 200 za maji, densiti yake, yaani mara ngapi ni zito kuliko maji ya ujazo uleule, ni 2.65, na hiyo ni kwatzi, madini ya mchanga mweupe, au ndugu yake wa karibu. Jiwe jeupe la kufanana nalo likikupa 4.5, hilo ni baraiti. Pairaiti, ile inayometameta njano na kuvunja mioyo ya vijana, ni kama 5. Magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ni 5.2, galena yenye metali ya risasi ndani yake ni 7.5, na dhahabu safi ni 19.3. Pengo kati ya 5 na 19 ni kubwa mno kiasi kwamba hata uzi ukiwa mnene na mkono ukitetemeka, pairaiti haiwezi kujifanya dhahabu.

Mmoja wenu aliuliza kama mizani itajua dhahabu iliyochanganywa. Itajua, na mfano mzuri umezaliwa mjini kwetu. Mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora mwezi Septemba, Wajerumani walipiga hapa, kwenye karakana ya reli, sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Robo tatu ya uzito wake ilikuwa dhahabu, robo iliyobaki metali nyingine. Ukikokotoa, densiti ya mchanganyiko wa aina hiyo hushuka hadi karibu 15. Anayeuziwa kipande leo akiambiwa ni safi, na mizani ikasoma 15, ana haki ya kuuliza maswali kabla hajatoa fedha.

Lakini tusiifanye mizani kuwa mganga. Kwatzi yenye gramu chache za dhahabu kwa tani itasoma 2.65 vilevile. Hapo lazima sampuli iende maabara, na anayewaambia anaona kiwango cha dhahabu kwa kushika jiwe mkononi mpeni chai aende zake.

Kuhusu almasi, mwaka huu tumeletewa tena mawe ya kung'aa kwa hoja ileile: limekwaruza kioo, basi ni almasi. Kioo cha dirisha kina ugumu wa kama 5.5 katika kipimo alichotunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanza na talki kwa 1 na kuishia kwa almasi kwa 10. Kwatzi ni 7. Maana yake kila punje ya mchanga mweupe wa Tabora inaweza kukwaruza dirisha lako. La kusikitisha zaidi ni wale wanaopima kwa nyundo. Almasi haikwaruziki kirahisi, ila hupasuka. Fuwele yake ina pande nne ambazo humeguka kwa urahisi, na pigo moja huharibu jiwe la kweli kama linavyoharibu la uongo. Naomba Katibu aliandike hili kwa herufi kubwa ubaoni: hatupimi kwa nyundo.

Sasa nije kwenye graniti, ambayo wengi wetu tumeikalia maisha yote bila kuitazama. Mwezi tuliokwenda kwa akina mama wanaoponda kokoto ulinifundisha kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja alikuwa akigonga kila bonge mara moja kabla ya kuamua. Likilia, hupondwa kwa kokoto za zege. Likitoa sauti butu, hutupwa kando. Alikuwa sahihi kabisa. Graniti ni kwatzi, felspa na ulanga vilivyoganda pamoja kutoka kwenye magma iliyopoa polepole chini sana ya ardhi, ndiyo maana punje zake ni kubwa na zimeshikana. Ya kwetu ni sehemu ya msingi wa kale wa Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ikikaa juu ya ardhi, maji ya mvua hupenya kwenye nyufa na kuigeuza felspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Jiwe bado linaonekana zima kwa nje, ila ndani limelegea, na mlio hufa. Kwatzi haibadiliki. Inabaki, inadondoka, inakuwa kichanga kinachojaa viatu vyetu. Udongo wa mfinyanzi husombwa hadi mbugani, kule mabondeni. Mkulima wa tumbaku juu na wa mpunga chini wanalima mabaki ya mwamba mmoja.

Hapohapo niliona jambo lililonikera. Vumbi la kwatzi huingia mapafuni na halitoki, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuiponya. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi jembamba. Kulowesha jiwe kabla ya kuponda hupunguza vumbi kwa gharama ya ndoo ya maji. Kamati imekubali tutoe elimu hiyo kwenye vituo vya kokoto, na nawataka wachimbaji wadogo wenye makarasha, mashine za kusaga mawe, walisikie hili kama lao pia.

Safari ya mwaka ilikuwa ya vilima vya Igwisi, magharibi mwa mkoa wetu, upande wa Kaliua. Najua wapo waliorudi wamenuna. Vilima ni vifupi, miti ni mingi, na waliotarajia kuona mlima wa kufanana na Ol Doinyo Lengai walidhani tumepotea. Niruhusuni nieleze kwa nini nitawapeleka tena.

Igwisi ni volkeno ndogo tatu za kimbalaiti. Kimbalaiti ni mwamba unaozaliwa kwenye magma inayopanda kwa kasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, na ndiyo iliyobeba almasi za Mwadui kule kwa jirani zetu wa Shinyanga. Jina limetoka Kimberley, Afrika Kusini. Kimbalaiti karibu zote duniani zililipuka zamani mno, mamilioni mengi ya miaka, na mvua imekwisha kula sehemu yote ya juu. Wanasayansi wanachobaki nacho ni shina lililo chini ya ardhi, na kwa hilo hulazimika kukisia volkeno yenyewe ilionekanaje. Igwisi ina vilima vyake, ina kasoko, na kwenye kilima cha kaskazini mashariki ina lava iliyotiririka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria umri wake kuwa kama miaka 12,000. Hakuna volkeno ya kimbalaiti inayojulikana duniani iliyo changa kuliko hizi, nazo ziko mkoani Tabora, na watoto wetu shuleni wanachora Kimberley.

Umri huo ulipatikanaje? Miale inayotoka anga za juu hupiga mawe yaliyo wazi juu ya ardhi na kutengeneza ndani yake aina adimu ya gesi ya heliamu, heliamu-3. Kadiri jiwe linavyokaa wazi ndivyo inavyoongezeka. Madini ya olivini huihifadhi vizuri, na Igwisi ina olivini tele: zile punje za kijani, nyingine kubwa na za mviringo laini, mlizozishangaa kwa lenzi. Watafiti walipima heliamu hiyo wakapata muda. Kadirio lenyewe lina kosa la maelfu kadhaa ya miaka kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo msimwambie mtu "elfu kumi na mbili kamili".

Olivini yenyewe ni ushahidi. Ni madini yaliyoumbika kwenye joto kali na kina kirefu, na yakifika juu hayadumu. Mvua na hewa huyaharibu mapema, wakati kwatzi, ambayo huganda kwenye joto la chini zaidi, hubaki. Kwenye kimbalaiti za kale olivini nyingi imekwisha kugeuka madini mengine, serpentini, laini na ya kuteleza mkononi. Ya Igwisi bado ina kijani chake na densiti yake ya kama 3.3. Na wale waliodondosha maji ya limau kwenye unga wa mwamba ule waliona mapovu: ni kalisaiti, madini ya chokaa, ambayo imejaa kwenye lava hiyo.

Swali lililoulizwa na kila aliyepanda gari nalijibu hapa mara moja. Kuwa kimbalaiti hakumaanishi kuwa na almasi za kuchimba. Nyingi duniani hazina. Thamani ya Igwisi ni kwamba hakuna mahali pengine pa kuona volkeno ya namna hiyo ikiwa bado na umbo lake, kwa hiyo naomba wanachama wasirudi kule na sululu. Sampuli ya ngumi moja inatosha kwa chama kizima, na tunayo.

Nigusie kabati letu la sampuli, kwa sauti ya upole kadiri ninavyoweza. Nusu ya mawe yaliyomo hayana karatasi. Ni mazuri, yamesuguliwa, na hayana faida yoyote, kwa sababu hatujui yalitoka kijiji gani, mtoni au kwenye duara la wachimbaji, yaani shimo lao, juu ya ardhi au chini mita ngapi. Kuanzia sasa Mtunza Sampuli hatapokea jiwe lisilo na mahali, tarehe, jina la aliyeliokota na ruhusa ya mwenye leseni kama limetoka kwenye eneo lenye leseni. Densiti, ugumu, rangi ya unga kwenye kigae na jibu la sumaku tutayapima pamoja. Kamati pia inaomba idhini yenu kununua ramani za jiolojia za maeneo yetu kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, ili kila jiwe tulitie penseli mahali pake.

Wanachama, ada na mahudhurio vitaelezwa na Katibu. Niseme tu kwamba walimu wanakuja zaidi ya wachimbaji, na ningependa mizani ikae zaidi kwa wachimbaji. Tumepanga moja ibaki Nzega.

Kwa mwaka ujao tunapendekeza safari ya treni kwenda Uvinza, Kigoma. Waakiolojia waliochimba pale kwenye chemchemi za maji ya chumvi walikuta mabaki ya utengenezaji chumvi yanayorudi hadi karne ya 5 au ya 6. Ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa macho yale niliyosema kuhusu graniti: maji ya chumvi yakichemshwa haraka hutoa punje ndogo, yakiachwa yakauke polepole juani hutoa vijipande vikubwa vya mraba. Tutachemsha sufuria moja na kuanika sinia moja, tupime zote. Atakayejiandikisha alipe nusu ya nauli mapema kwa Mhazini, kwani tiketi za watu wengi pamoja zinahitaji kushughulikiwa mapema.

Ditekta imerudishwa kwenye ajenda namba 6 kwa ombi la wanachama, na kura itapigwa. Msimamo wa kamati mmeusikia. Namkaribisha Mhazini asome hesabu.