Hayo ni mahame, si miji ya mizimu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu, nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba ya watu, nasubiri mgeni wa jana aburuze sanduku lake aondoke niingie na ndoo yangu. Ndiyo kazi yangu. Nasafisha nyumba zinazopangishwa wageni wa siku mbili tatu hapa Phoenix, Arizona, na huu ni mwaka wa 11. Kwa hiyo mlipochapa katika ukurasa wa nyumba na mapambo ile makala ya "mtindo wa jangwani wa Marekani", na picha ya sebule yenye fuvu la ng'ombe ukutani, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona hapana, hii lazima niijibu.

Naanza na neno. Mwandishi wenu, akizungumzia miji ya jangwani iliyohamwa na watu, ametaja "miji ya mizimu" mara nne, na mwishoni akawatahadharisha wasomaji wenye imani thabiti wasijaribu kutembelea. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na upande wa mama kwetu ni Tongoni, pale penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Jina lenyewe wazee walitwambia linatokana na tongo, makazi yaliyoachwa. Na mahali watu walipohama, bibi yangu alipaita mahame. Neno hilo halina pepo ndani yake. Lina watu na mizigo yao kichwani. Sasa sisi wenye neno zuri kama hili, kwa nini tukaazime mizimu ya Wazungu?

Na hiyo mizimu yenyewe nimeiona kwa macho yangu. Ipo Nevada, mlangoni mwa mahame yanayoitwa Rhyolite, karibu na Bonde la Mauti. Ni sanamu nyeupe zilizojifunika shuka gubigubi, zimejipanga mstari kama wanaosubiri chakula, na ndani ya shuka hamna mtu, pana uwazi tu. Alizitengeneza msanii wa Ubelgiji, Albert Szukalski, mwaka 1984. Aliwavika watu hai vitambaa vilivyoloweshwa plasta, vikakauka, watu wakatoka. Mizimu ya Rhyolite basi ina umri mdogo kuliko mimi.

Mji wenyewe hadithi yake ni fupi mno, na ndiyo maana naupenda. Mwaka 1904 wachimbaji wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waliona dhahabu vilimani. Mwaka 1905 mji ukaanza, na haikupita miaka mitatu ukawa na maelfu ya watu, treni, umeme na benki ya ghorofa tatu. Kisha fedha za Marekani zikayumba mwaka 1907, wenye mitaji wakarudi nyuma, na mwaka 1911 mgodi mkubwa ukafungwa. Mwaka 1916 umeme ukakatwa. Kilichonigusa zaidi ni shule. Walijenga shule kubwa ya kuchukua watoto 250, na ilipokamilika mwaka 1909 wazazi walikuwa wameshaanza kufunga virago. Kuta zake zipo mpaka leo, madirisha matupu, unaona mlima upande wa pili. Nilisimama pale nikawaza fundi aliyekuwa anapiga lipu darasani huku akisikia gari moshi linaondoka na wanafunzi. Sehemu kubwa ya mji haikubomoka yenyewe, ilibebwa. Jangwani mbao ni mali, kwa hiyo ukumbi wa chama cha wachimbaji ulihamishiwa mji wa jirani wa Beatty.

Hapo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwandishi wenu anasema mtindo wa jangwani ni "kuchagua vitu vikavu na rangi za udongo ili kuleta utulivu". Ndugu Mhariri, hakuna aliyechagua. Rhyolite kuna nyumba ya chupa. Mzee mmoja mchimbaji, Tom Kelly, aliijenga mwaka 1906 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Miti ya kule ni ile yenye mikono ya miiba, haitoi hata ubao wa rafu. Lakini baa zilikuwa tele. Basi mzee akakusanya chupa kama 50,000, nyingi za bia, akazilaza kwenye udongo kama matofali, vitako vikatazama nje. Nimeukaribia ule ukuta mpaka pua ikagusana na wavu wa uzio. Kila kitako kina duara lake, vingine kahawia, vingine kijani, na katikati ya chupa na chupa unaona alama ya kidole kilichosukumia udongo. Alipomaliza hakuhamia, aliichezesha bahati nasibu, akashinda mtu mwingine. Leo tungesema huyu mzee ni mbunifu wa mapambo. Yeye alikuwa mtu asiye na mbao.

Boriti nazo vivyo hivyo. Nyumba za asili za watu wa Pueblo, wenyeji asilia wa jimbo la New Mexico, hujengwa kwa udongo, na dari yake ni magogo ya misonobari yaliyopangwa sambamba, ncha zikatokeza nje ya ukuta. Mtu wa pwani ukiingia ndani ukatazama juu, moyo unakurudisha nyumbani moja kwa moja. Ni zile boriti zetu za mikoko. Na sisi chumba cha nyumba ya mawe kilikuwa chembamba kwa sababu mkoko ndio ulioamua upana: boriti ikiishia hapo, ukuta unaanza hapo. Sasa njooni mwone nyumba ninazosafisha. Nje magogo yametokeza vizuri, manane kwa safu. Ndani dari ni bapa, ubao wa jasi mweupe. Yale magogo ni vipande vya nusu mita vilivyobandikwa ukutani! Siku ya kwanza nilizunguka nyumba mara mbili nikitafuta upande wa pili wa gogo.

Na fuvu la ng'ombe, hilo mlilolipa picha nusu ukurasa. Natunza manne, kila nyumba na lake. Halifutwi kwa kitambaa, kinanasa kwenye ufa wa pua, kwa hiyo natumia brashi ndogo ya kupakia rangi, naanza na pembe, namalizia matundu ya macho, ambamo buibui wa Arizona hupenda kufanya makazi. Mara moja nilikuwa nazungumza na mama yangu kwa video na fuvu likaonekana nyuma yangu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hapo ulipo ni kwa nani?" Nikamwambia, "Mama, niko kazini." Akajibu, "Kazi gani hiyo?" Nilimaliza robo saa nzima namwelezea, na sidhani kama aliniamini. Kwa kweli hata fuvu lina chanzo chake. Mchoraji Georgia O'Keeffe alipokuwa New Mexico, mwaka 1930, aliona mifupa imezagaa jangwani. Akajaza pipa akalisafirisha mpaka New York, akaenda kuichora. Ile ilikuwa mifupa ya wanyama waliokufa. Mawili kati ya haya ninayotunza ni ya plastiki, na moja limepakwa rangi ya feruzi.

Nikubali na ushamba wangu. Mapambo mengine ya huku ni mitungo ya pilipili nyekundu zilizokauka, huning'inizwa mlangoni. New Mexico ni chakula, watu huchuma pilipili wakatunga mtungo ukakauka juani, wakawa wananyofoa moja moja mwaka mzima. Mwenye nyumba mmoja alinipa wake wa zamani nikautupe. Nani atupe pilipili? Niliupeleka nyumbani, nikakaanga nne kwa ajili ya mchuzi wa samaki. Moshi ule ulikuwa wa namna nyingine, wa dukani kwa fundi seremala. Kumbe zilipuliziwa vanishi zing'ae. Tulifungua madirisha yote na samaki tukamla kwa limau.

Kuhusu mazulia ya Wanavajo, wenyeji asilia wengine wa huku, mwandishi amenitia hasira kidogo. Amewashauri wasomaji wanunue "zulia la Kinavajo la bei nafuu". Zulia la Kinavajo la bei nafuu halipo. Nimewaona akina mama wa Kinavajo wamekaa mbele ya kitanda cha kufumia kilichosimama wima, wanapitisha uzi wa sufu safu kwa safu, wanagongea kwa kitana cha mti. Zulia dogo linaweza kula miezi. La bei nafuu ni lile ninalopiga vakyumu mimi kila Jumanne, nikiligeuza nakuta kitambulisho kinachotaja nchi nyingine kabisa ng'ambo ya bahari. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990, ni kosa kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji asilia wakati si kweli. Watu wa kwetu waliokuta vinyago vya mashine vikiuzwa kama vya Kimakonde wanajua nasema nini.

Na ile kaktasi ndefu yenye mikono, mliyoiweka mbele ya milima myekundu yenye vichwa bapa? Haioti kule. Inaitwa saguaro, kwao ni jangwa la Sonora, yaani kusini mwa Arizona na ng'ambo ya mpaka Meksiko. Inaweza kukaa miaka 70 na zaidi kabla haijatoa mkono wa kwanza. Aliyechora picha ile ameupachika mnazi Dodoma.

Msomaji akitaka kweli kuonja uzuri wa kule, asianze dukani. Aje Oatman, magharibi ya Arizona, kwenye ile barabara kuu ya zamani namba 66. Ulikuwa mji wa dhahabu. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ikafunga migodi ya dhahabu, na mwaka 1953 barabara nayo ikahamishiwa kwingine. Watu wakaondoka, punda wa wachimbaji wakabaki. Mpaka leo wajukuu zao ndio wenye mji. Asubuhi wanateremka kutoka mlimani, wanasimama katikati ya barabara, magari yanangoja. Mmoja alipenyeza kichwa dirishani kwetu akachukua mfuko wa visheti vyangu kutoka mapajani mwa mume wangu, akatafuna na mfuko. Mume wangu hakukasirika. Alisema asili ya punda wote ni Afrika, kwa hiyo kaonja cha kwao. Na kule Jerome, mji wa shaba mlimani, milipuko ya mgodini ililegeza ardhi hata jela ya mji ikateleza mita kama 70 kuteremka kilima. Vitu kama hivi huwezi kuvinunua ukavitundika.

Wala usivibebe. Hili nalisema kwa uchungu wa Tongoni. Makaburi yetu yana vishimo vya duara, na tukiwa watoto tulidhani ni viota. Bibi akatwambia humo zilikaa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, zikabanduliwa moja moja na wapita njia, kila mmoja akidhani anachukua kimoja tu. Kule Bodie, California, watunzaji wa mahame hupokea kwa posta misumari na vipande vya vyombo, pamoja na barua za kuomba radhi kutoka kwa wageni waliovichukua wakapatwa na mikosi. Tongoni hatujaletewa hata kigae.

Ombi langu kwenu ni dogo. Makala ijayo iandikwe "mahame", na picha ya fuvu mwiondoe, mweke ya ile nyumba ya chupa.

Tulipotoka Rhyolite, tumeshafika Beatty, kama kilomita sita hivi, tunajaza mafuta, mwanangu wa miaka tisa akatoa mfukoni kipande cha kioo cha zambarau, kidogo kama ukucha. Nilikuwa nimemweleza mwenyewe kwamba kioo cha zamani kilitiwa manganizi, kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau. Baba yake hakusema neno. Aligeuza gari. Kufika, mtoto hakukumbuka alipokiokota, akatembea huku na huku, mwisho akakiweka juu ya jiwe lisilo na kivuli. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema, "Mama, ili kiendelee kuiva."

Msomaji wenu wa Tanga,
sasa Phoenix, Arizona