Asiyekula nyama naye apate lishe kamili

Mhariri,

Binti yangu aliacha nyama miaka mitatu iliyopita, ndugu wakasema atadhoofu. Kweli alidhoofu, lakini kwa sababu alikula ugali na kabichi kila siku, akishushia na chai ya rangi. Akipanda ngazi anahema, ndani ya kope pamepauka. Kipimo kikaonyesha damu imepungua, akapewa vidonge vya madini ya chuma.

Sasa tunapika makande, maana mahindi na maharage hukamilishana kwa protini. Maharage nayaloweka usiku kucha na maji yale namwaga. Mchicha au kisamvu cha karanga havikosi, na pembeni chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea. Chai huzuia chuma hicho, hivyo tunainywa saa moja au zaidi baada ya mlo.

Ila vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu, haimo kwenye maharage wala mboga za majani. Binti hunywa maziwa na kula mayai. Asiyetumia hivyo anahitaji vidonge vya B12. Nawaomba wahudumu wa kliniki waliseme hili waziwazi, hasa kwa wajawazito.

Mama msomaji,
Moshi