Barua kwa mwanangu: vitabu vitatu nilivyokufungia

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Uliniuliza usome nini, nje ya masomo ya darasani, kuhusu ulimwengu na jamii za binadamu. Nimekufungia vitabu vitatu, utavipokea kwa basi la Ijumaa.

Anza na cha mwanafizikia Steven Weinberg, kilichotoka mwaka 1977, kinachosimulia dakika tatu za mwanzo za ulimwengu. Usizikimbilie dakika zenyewe. Tulia kwanza pale anapoeleza jinsi wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena kubwa ya redio huko New Jersey mwaka 1964, walivyonasa mvumo usiokoma, usiku na mchana, popote walipoielekeza. Waliwaondoa njiwa waliokuwa wakiishi ndani yake, wakakisafisha pia kinyesi chao, lakini mvumo ukabaki. Kumbe yalikuwa masalia ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, joto ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Unakumbuka redio ya babu yako pale Ukerewe ilivyokuwa ikikoroma, na sisi sote tukisingizia betri? Nao walianza kwa kuishuku antena yenyewe, ila hawakuishia hapo.

Cha pili ni cha Stephen Hawking, cha mwaka 1988, kuhusu wakati na chanzo cha ulimwengu. Kina mlinganyo mmoja tu, ule wa Einstein. Usidanganywe na wepesi huo, maana mimi mashimo meusi, yale maeneo ya angani yenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, yalinishinda mara mbili.

Cha Jared Diamond, cha mwaka 1997, kinaanzia kwenye swali aliloulizwa katika kisiwa cha New Guinea na mwanasiasa mmoja aitwaye Yali: kwa nini wazungu walikuwa na vitu vingi kiasi kile, na wenyeji vichache? Anajibu kwamba tofauti haikuwa akili za watu, bali mimea na wanyama waliowazunguka. Pundamilia, kwa mfano, huwa mkali kadiri anavyokua, na akikuuma haachii, ndiyo maana hakufugika kama farasi. Hapo namkubali. Ila maelezo yake ni ya maelfu ya miaka, na hayanitoshi ninapojiuliza kwa nini minofu ya sangara wetu husafirishwa Ulaya na sisi tukabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hilo lina wenye viwanda na wapanga bei, si jiografia peke yake.

Pembeni mwa kurasa nimebishana naye kwa penseli. Wewe tumia kalamu ya wino, ili ukivirudisha nijue nani alibisha wapi.

Ni mimi, baba yako.