Namwogesha baba mkwe, ukoo unasema nimevunja mwiko

Ndugu mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, pokea salamu za baridi ya Mbeya. Naandika saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa pekee ninayoipata. Mzee amelala sasa hivi na sijui atanipa muda gani. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujaniambia kitu.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa wa Rungwe. Tuna miaka kumi na sita ya ndoa na watoto watatu, tunaishi Iyunga. Mume wangu anaendesha lori la mizigo ya Kongo. Akishavuka Tunduma anaweza kukaa wiki tatu, na foleni ya mpakani ikigoma, mwezi. Mimi nilikuwa na meza ya vitenge Mwanjelwa.

Baba mkwe alihamia kwetu mwaka 2019, mama mkwe alipofariki. Kwa asiyewajua Wanyakyusa nieleze kidogo, maana bila hili shida yangu haitaeleweka. Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Humtazami usoni, huli naye, humpi kitu mkononi, jina lake hulitamki, na mkikutana njiani wewe ndiye unayepinda pembeni mpaka apite. Mjini wengi wamelegeza, lakini baba mkwe wangu hakulegeza, nami nilimheshimu kwa hilo. Akitaka kitu alikuwa anaongea na mtoto, mimi nikiwa nasikia: "Mwambie mama yako chai imepoa." Nami namwambia mtoto: "Mwambie babu naleta nyingine." Mtoto anakaa katikati yetu hana hata la kupeleka. Ilikuwa heshima, na ndani ya heshima hiyo tulipendana. Msimu wa maparachichi, akitoka kijijini, aliacha ndoo nzima kwenye mlango wa jiko langu, anakohoa mara moja kunijulisha, anaondoka.

Alikuwa mtu wa reli. Aliingia TAZARA akiwa kijana, wakati wa ujenzi. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na yeye alikuwa kwenye kipande cha Mlimba na Makambako, kile cha mahandaki na madaraja. Baadaye akabaki kwenye genge la kukagua njia mpaka akastaafu.

Mwaka 2021 alianza kumuuliza mjukuu bibi atarudi saa ngapi kutoka kanisani. Tukadhani msiba haujamtoka. Kisha akawa anaficha hela zake mwenyewe ndani ya redio, akikosa anasema kaibiwa. Siku moja alikwenda kununua betri duka la tatu kutoka kwetu, akaletwa jioni na mtu aliyemkuta Mafiati. Wifi akasema ni uzee. Shemeji mkubwa akasema si uzee, ni shamba la migomba la kijijini, kuna mtu analitaka. Akampeleka kwa mganga. Mzee akarudi na chale kifuani na homa.

Hospitali tulikwenda 2023, tumeshachelewa. Mimi nilikaa benchi la nyuma, kwa ile mila. Daktari alimpa maneno matatu ayashike, kisha akamwambia achore uso wa saa. Mzee akachora duara zuri kabisa, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja, upande wa pili ukabaki mweupe. Akamrudishia daktari karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyekabidhi kazi iliyokamilika. Mume wangu akatoka nje.

Walimpima damu, maana daktari alisema kuna matatizo mengine yanayofanana na haya ambayo yanatibika, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Hayo hakukutwa nayo. Alikutwa na presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeitibu, na ilikuwa imeshaharibu mishipa midogo ya ubongo. Dimensia, maradhi ya ubongo yanayompotezea mtu kumbukumbu na fahamu zake. Dawa ya kuiponya haipo, alisema, ila presha tuishike isizidi kumuumiza. Akatufundisha tusibishane naye, ratiba yake isibadilike badilike, na akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida tumrudishe hospitali, huenda ana maambukizi ya mkojo au homa ya mapafu. Hayo ya mwisho yametusaidia mara mbili.

Nikaanza kusoma kwenye simu usiku. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Hapa hapa Tanzania watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakakuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Jumapili iliyofuata niliwahesabu wazee wa kanisani kwetu kwa macho, nikajiuliza ni nyumba ngapi zimefunga mlango kama yetu. Wanasema pia kwamba ndugu anayemuuguza mgonjwa wa namna hii hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na kwamba asilimia 70 ya saa hizo za kuuguza ni za wanawake. Saa 5 zangu huwa zimeisha kabla jua halijafika utosini.

Sasa nije kwenye mwiko. Ilikuwa Februari mwaka jana. Mume wangu alikuwa Lubumbashi. Kijana tuliyemwajiri kumsaidia mzee alikuwa ameacha kazi baada ya wiki tatu, na mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Mzee alikuwa amejisaidia kitandani, amejipaka mikononi na ukutani, anatetemeka kwa baridi. Nilisimama mlangoni na beseni la maji ya moto muda mrefu. Nikampigia shemeji Dar, hakupokea. Nikampigia wifi, akasema nimngoje mume wangu. Mume wangu alikuwa bado na siku nane njiani.

Nikaingia. Nilifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, nikamwogesha nimegeuza uso. Maji yalipomfika mgongoni akatulia. Akanishika mkono ukiwa na sabuni, akaniita kwa Kinyakyusa, neno ambalo najua maana yake ni dada. Dada yake aliyemlea alifariki kabla mimi sijaolewa. Tangu siku hiyo mimi ndiye dada yake. Ananitazama usoni, ananisimulia habari za handakini, akila ndizi ananimegea kipande. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniita kwa jina lolote.

Wifi alipojua, alisema mbele za watu msibani kwamba ndiyo maana ugonjwa umekolea: nimemvua mzee heshima yake, na mila imejibu. Yalimkolea kweli mwaka huo, siwezi kukana. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa wa mishipa hushuka kwa ngazi, unakaa, kisha unashuka tena ghafla. Lakini msibani nani anamsikiliza daktari?

Usiku ndio mbaya zaidi. Kwetu treni inasikika ikipiga honi, na mzee akiisikia anainuka kwenda zamu. Julai mwaka jana alifungua mlango sisi tumelala. Alitoka na mabuti na shati bila suruali, baridi ile ya Julai mnaijua. Akafuata reli anahesabu mataruma kwa sauti, kwa Kichina, jinsi walivyofundishwa na Wachina waliojenga reli enzi zile. Vijana wakamkuta. Mzee nusu uchi, saa tisa usiku, anasema maneno yasiyoeleweka, unajua walivyomwita. Walikuwa wameshaokota mawe. Mmoja wao wa bodaboda akamulika taa, akamtambua, akavua koti lake akamfunika, akamleta kwangu. Yule kijana namwombea kila siku. Koti lake nililifua nikamrudishia, akakataa hata elfu tano.

Baada ya hapo nikanunua kufuli. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Kuna siku ya marejesho ya kikoba, nilikuwa nimekosa mara mbili na wenzangu walishaanza kuninunia. Nikamfungia mzee chumbani, nikasema naenda Mwanjelwa saa moja tu. Nilikaa karibu saa tatu. Niliporudi nikasikia kabla sijafika getini, anagonga mlango taratibu, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Vidole vilikuwa vinavuja damu. Amekojoa palepale aliposimama. Nilipofungua akaniambia, "Samahani mama, nimepotea, naomba unionyeshe njia ya stesheni." Nilikaa chini kwenye mkojo ule ule nikalia naye, yeye ndiye ananibembeleza.

Sijamfungia tena. Kwa hiyo meza ya Mwanjelwa nimeiachia mtu mwingine. Binti yangu wa kidato cha pili alibaki nyumbani siku kumi na moja muhula uliopita ili mimi niende kliniki au sokoni, na mwalimu wake ameniita. Mgongo unaniuma kwa kumnyanyua, maana hata alivyokonda bado ni mwanaume wa reli. Kuna siku nampigia kelele. Ananitazama kama mtoto, na baada ya dakika moja yeye amesahau, mimi sijasahau.

Ndugu zake mume wangu siwasemi kwamba hawana mapenzi. Wako wanne, wawili Dar, mmoja Tukuyu, mmoja Makambako. Wanachanga elfu thelathini kwa mwezi, na pakiti moja ya pampasi za watu wazima haimalizi wiki. Lakini si hela ninayoililia. Wanakuja Krismasi, wanakuta mzee amenyolewa na amevaa shati safi, anawacheka vizuri, wanasema mbona mzima. Siku mbili wanaondoka. Hakuna aliyewahi kulala chumba kimoja naye.

Sasa ukoo umeamua kuketi. Pendekezo ni mzee arudishwe kijijini Rungwe, akae chumba cha uani kwa mpwa wake. Nilikwenda kukiona. Mlango una komeo kwa nje. Mpwa ni mkulima, mke wake naye ni mkulima, alfajiri wanakwenda kwenye viazi hadi jioni. Nilipouliza mchana nani atakuwa naye, nikajibiwa kwamba huko kijijini watu wanamjua, na kwamba angalau hataogeshwa na mkwe. Mume wangu ananyamaza. Nadhani anaona haya mara mbili: kwa baba yake na kwangu.

Nami niseme ukweli wote. Kuna usiku ninapotamani wamchukue. Nikiwaza kulala hadi asubuhi bila kusikiliza mlango, moyo unasema wamchukue. Halafu nasikia ile ko, ko, ko.

Ninachoomba ni hiki. Kama yuko msomaji Mnyakyusa, mzee au mtu anayezijua mila zenu kwa undani, aniambie: mila hii inasemaje mgonjwa anapokuwa hana mtu mwingine? Iko namna ya wazee kumfungulia mkwe, hata kwa kuku au kwa maneno, ili nimhudumie bila mtu kunihesabia kosa? Mimi si wa kwao, siwezi kulianzisha hilo kikaoni nikasikilizwa. Nikijua neno sahihi la kusema, nitampa mume wangu aliseme yeye.

Na wewe mshauri, nisaidie namna ya kuomba zamu badala ya hela. Nawaza kuwaambia kila mmoja amchukue wiki mbili kwa mwaka, au aje akae hapa kwangu mimi nikiwa sokoni. Lakini daktari alisema kumhamisha hamisha kunamvuruga, na kweli alipolala Makambako siku tatu alirudi hatambui choo chetu. Bora waje wao? Mkwe anawaamuruje ndugu wa mume bila kuonekana anafukuza mzee?

Aliyewahi kumuuguza mtu wa hivi naye anieleze usiku aliufanyaje. Nimeweka kengele ya mbuzi mlangoni, inaniamsha, lakini siku nikichoka sana siisikii.

Kikao ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Naomba majibu yanifikie kabla ya hapo. Kengele imelia, naenda.

Mkwe,
Iyunga, Mbeya