Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kupima Udongo kwa Miche

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimepitiwa na kamati ya ukaguzi, na mhazini atazisoma baada yangu. Deni la pampu limekwisha. Muda uliobaki naomba niutumie kwenye kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, nayo ni kuujua udongo tunaoulima.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya viwanda, karakana na makazi, na ndio unaonywesha mboga zetu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya metali, yaani risasi, kadimi, shaba na zinki, kwenye mchicha na mboga nyingine za kandokando ya Msimbazi na mto Sinza. Tangu hapo, kila habari hizo zikitajwa upya wateja wanatukimbia, kisha wanarudi, na hakuna anayeweza kumwambia mkulima lolote kuhusu matuta yake mwenyewe. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua udongoni bado ipo.

Kupeleka maabara udongo wa kila shamba hatuna uwezo. Ndiyo sababu mlikubali tuanze na miche. Msidhani ni kipimo cha kubahatisha. Mwongozo namba 208 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, uliotolewa 1984 na kuboreshwa 2006, umejengwa juu ya kazi hiyohiyo: mbegu zinapandwa kwenye udongo uliochanganywa na kemikali inayopimwa (sisi tunatumia udongo unaotiliwa shaka) na kwenye udongo safi wa kulinganisha, kisha inaangaliwa ngapi zimeota na miche imekuaje katika wiki mbili hadi tatu baada ya nusu ya mbegu za udongo safi kuchomoza. Mwongozo unadai angalau asilimia 70 ya mbegu za udongo safi ziote. Zisipofika hapo, kazi yote inarudiwa, maana huenda mbegu zenyewe ni mbovu. Mimea inayotumika hatuiagizi mbali. Mtama umo, saladi imo, na chainizi yetu ni spishi moja na tanipu inayotajwa kwenye viwango vya kimataifa.

Jambo ambalo wengi lilitushangaza ni kwamba kuota peke yake hakusemi mengi. Mbegu inaanza safari kwa chakula chake yenyewe, na ganda linaikinga. Kwa hiyo udongo mbaya unaweza kuotesha vizuri kabisa mkadhani mko salama. Mzizi ndio unaogusa sumu kwanza. Kamati ya udongo ilichanganya mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, kidogo kidogo kwenye mchanga, kila trei ikizidi ya kabla yake, ikapanda mtama, na baada ya siku chache ikang'oa miche, ikaisuuza taratibu na kuilaza juu ya rula. Mche wa trei safi ulikuwa na mzizi mweupe, mrefu, wenye vinyweleo tele. Kadiri mrututu ulivyozidi, mzizi ulikuwa mfupi, mnene, wa kahawia, ncha imekufa, vinyweleo hakuna. Ukitazama juu tu, majani ya miche ya katikati yalikuwa bado yanapendeza. Mliokuwepo mliona wenyewe, na nafurahi kwamba sasa vijana wetu wanapima mzizi kabla ya kusema lolote.

Naongeza hapo tahadhari. Mrututu uliochanganywa jana unaua kuliko shaba iliyokaa udongoni miaka mingi, kwa sababu udongo huishika metali kadiri muda unavyopita, hasa wenye mboji na usio na tindikali. Kwa hiyo tusichukue kiasi cha kwenye trei tukakifanya ndiyo mpaka wa shambani.

Tulipofika kwenye udongo wa wanachama, mizizi ilidumaa katika baadhi ya mashamba yanayopokea maji ya karakana. Ilidumaa pia kwenye mashamba ya chini karibu na bahari, na huko mwenye lawama alikuwa chumvi. Mche hautaji jina la kinachoutesa. Kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche, nacho kinailaza, na mbegu za dukani zenye rangi ya dawa zinaharibu matokeo. Ndiyo maana kila udongo unapimwa kwanza chumvi na pH, yaani kiwango cha tindikali, na tunatumia mbegu isiyotiwa dawa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili ni la afya za watoto wetu na za watoto wa wateja wetu. Mche kustawi si ushahidi kwamba mboga inafaa kuliwa. Mchicha unaweza kuingiza kadimi kwenye majani ukabaki kijani na mnene. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka ukomo wa miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga mbichi za majani, na kiasi hicho jicho halikioni. Nimesikia wanachama wakiwaambia wanunuzi kwamba shamba lao "limepita". Nawasihi muache. Kipimo cha miche kinatuonyesha pa kuanzia, na majani lazima yapimwe maabara.

Kamati inaleta mapendekezo mawili mbele yenu. Mashamba ambayo mizizi imedumaa bila sababu ya chumvi wala ugonjwa yasilimwe mboga za majani mpaka majibu ya maabara yatoke. Kwa sasa yatumike kwa miche ya maua na miti ya kivuli, ambayo soko lake barabarani tunalijua. Chokaa na mboji vitatumika kupunguza tindikali, lakini havitoi metali udongoni, vinaishikilia tu. La pili, sehemu ya ada ya mwaka ujao ilipie upimaji wa majani, na tuanze na mashamba ambayo miche yake imestawi, maana mboga za huko ndizo zinazofika sokoni kila siku.

Wenye mashamba yaliyosimamishwa wanapoteza kipato kwa faida yetu sote. Naomba mkutano huu uamue leo wasamehewe ada mpaka warudi kulima mboga. Katibu ana orodha yao, na ataisoma kabla ya kupiga kura.