Makala yenu ilitaja kemikali, haikusema zinaingiaje mwilini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kemikali zilizomo katika vitu vya kila siku. Majina yalikuwa mengi na ya kutisha, hata mke wangu alipomaliza kusoma alitaka kutupa nusu ya chupa zilizo chini ya sinki. Nikamzuia. Nimepiga rangi magari miaka 22, nami nauliza maswali ambayo makala haikuyagusa: kemikali hiyo inaingia mwilini kwa njia gani, kiasi gani, mara ngapi?

Sisi tulikuwa tukimaliza kazi jioni tunanawa mikono kwa thina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Rangi ilitoka yote! Hakuna aliyetuambia kwamba thina hupenya ngozi, tena huiondolea mafuta yake, hivyo ngozi iliyokauka na kupasuka hupitisha zaidi siku inayofuata. Puani tulivaa barakoa za vumbi, zile nyeupe nyepesi, tukajiona tumejikinga. Barakoa hiyo huzuia chembechembe, mvuke unapita. Mvuke unahitaji kichujio cha mkaa maalumu, na mkaa huo nao hushiba. Ukishashiba umevaa pambo.

Kilichoniangusha mimi ni hadna, ile dawa ya kukazia rangi. Ndani yake mna kemikali iitwayo isosayaneti. Thina ndiyo inayonuka, kwa hiyo tukaogopa thina. Ukungu wa hadna hubaki hewani hata baada ya kuzima bunduki ya rangi, nao hauonekani. Mimi nilikuwa na tabia ya kushusha barakoa mara tu nikimaliza, nisogee nitazame kama rangi imelala vizuri. Mwaka wa 20 nikaanza kukohoa usiku. Daktari hakuniuliza navuta sigara ngapi. Aliuliza: siku za mapumziko unakohoa? Nikafikiri, nikamjibu hapana. Ilikuwa pumu ya kazini. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo, hata kidogo sana kinatosha kukubana kifua, ndiyo maana nimeacha kazi. Mwenzangu tuliyeanza naye siku moja hajawahi kukohoa hata leo.

Turudi chini ya sinki. Pale palikuwa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na pembeni yake dawa ya choo yenye asidi. Kila moja ikiwa imefungwa kwenye chupa yake haimsumbui mtu. Zimwage pamoja ndani ya choo kimoja, gesi ya klorini inatoka papo hapo. Makala yenu ilizitaja katika aya mbili tofauti, wala haikusema neno kuhusu kuzichanganya. Nilichofanya ni kuhamisha chupa moja.

Kuhusu risasi, yaani ile metali (lead), sibishani nanyi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Lakini hata hapo njia ni muhimu. Tulipiga msasa rangi za zamani zenye risasi, vumbi likarudi nyumbani kwenye ovaroli, na mke wangu akazikung'uta kabla ya kufua, mtoto akitambaa miguuni pake. Mtoto mdogo kila kitu anatia mdomoni, na risasi aliyoimeza mwili wake huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mimi nilikuwa na barakoa, hata kama ya karatasi. Yeye hakuwa na chochote. Hatukumpima.

Mkiandika tena, tafadhali waelezeni wasomaji kuhusu karatasi ya taarifa za usalama ambayo mtengenezaji wa kemikali za viwandani huiandaa. Ina vifungu 16, na kifungu cha 8 ndicho kinachoeleza kiwango kinachoruhusiwa hewani, glovu za aina gani, kichujio cha aina gani. Viwango hivyo kwa kawaida hupigiwa hesabu ya siku ya kazi ya saa 8. Sisi kazi ikiwa nyingi tulikwenda 12. Katika miaka yote 22 niliiona karatasi hiyo mara moja tu. Ilikuwa imetandikwa chini ya makopo yasichafue meza.

Ni mimi,
Fundi rangi mstaafu