Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Uchaguzi wa kaunti yetu: Mama ana haki ya kumchagua wa kumsomea

Mheshimiwa Msimamizi,

Salamu kwako na kwa makarani wako. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshafika ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani makusudi, kwa kuwa inawahusu watu wa nyumbani tunaoishi nao hapa Marekani, na wengi wao hawajui kwamba katika jambo hili sheria iko upande wao.

Novemba 2024 nilimpeleka mama yangu kupiga kura kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Ana miaka 74. Ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Alisoma chuoni, yaani madrasa, na hadi leo huandika barua zake za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kiingereza hakukisoma. Alikuja hapa 2005 na akawa raia 2021, kwa mlango ulio wazi kisheria: mtu aliyetimiza miaka 55 na kuishi na kadi ya kijani ya ukaazi kwa miaka 15 anaruhusiwa kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake. Mama aliyajibu kwa Kiswahili, akala kiapo, akapewa cheti.

Tulipokikaribia kibanda, karani alinyoosha mkono baina yetu. Akasema kibanda ni cha mtu mmoja. Nikamwambia huyu ni mama yangu, mimi namkalimania. Akaniuliza kibali kiko wapi. Sikuwa nacho, na leo najua kwamba hakuna kibali cha namna hiyo. Mama akaingia peke yake. Pale niliposimamishwa niliweza kumwona: ameshika kalamu juu ya karatasi, leso imemteleza begani na hana habari nayo. Alijaza kiduara cha rais, kwani jina alilitambua. Upande wa nyuma palikuwa na swali la tozo ya shule wanazosoma wajukuu zake, swali tulilolizungumza mezani wiki nzima. Karatasi hakuigeuza.

Karani hakuwa mkali, na sikulalamika siku ile kwa sababu nami nilikuwa siijui sheria. Nimeisoma baadaye. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinasema kwamba mpiga kura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu, au kutoweza kusoma au kuandika, anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe. Wanaokatazwa ni mwajiri wake, wakala wa mwajiri huyo, na afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi, maana hao wanaweza kumbana. Mtoto wake hayumo. Jirani yake hayumo.

Nakuomba, Mheshimiwa, uone kifungu hiki kilikotoka. Marekebisho ya 15 ya Katiba, mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa ajili ya rangi yake. Waliotaka kuendelea kuwanyima Weusi wakaacha kuitaja rangi, wakashika kusoma. Katiba ya Mississippi ya 1890 ilimtaka anayejiandikisha aweze kusoma kifungu chochote cha katiba hiyo, au akielewe akisomewa, au akifafanue ipasavyo. Na nani wa kuamua kama kimefafanuliwa ipasavyo? Karani Mzungu aliyekaa nyuma ya meza. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaridhia haya 1898, na hata 1959 ilikubali tena, katika kesi iliyotoka North Carolina, kwamba jimbo linaweza kudai mtu ajue kusoma kabla ya kupiga kura.

Mwanamke Mweusi, Fannie Lou Hamer, alikwenda mjini Indianola, Mississippi, Agosti 1962, kujiandikisha. Alikuwa amefanya kazi katika shamba la pamba la tajiri mmoja kwa miaka 18. Karani alimpa kifungu cha katiba ya jimbo, akamwambia akieleze. Akashindwa, kama ambavyo wengi wetu tungeshindwa. Jioni ile ile tajiri akamfukuza shambani kwa kuthubutu kujaribu. Alirudi tena na tena mpaka akafaulu, Januari 1963. Kila ninapokumbuka ule mkono wa karani ulionyooshwa kati yangu na mama, humkumbuka mama huyu naye. Silinganishi mateso yao. Nasema tu kwamba swali lilikuwa lile lile: raia mzima, kura yake, na karatasi iliyoandikwa kwa namna asiyoimudu.

Sheria hiyo ya Haki za Kupiga Kura ni ya 1965. Ilitiwa saini tarehe 6 Agosti, baada ya damu ya waandamanaji wa haki ya kura kumwagika Selma, Alabama, nayo ilisimamisha mitihani hiyo katika majimbo yaliyoitumia kuwabagua watu. Mississippi, Weusi walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7 kabla ya sheria; kufikia 1967 walikuwa asilimia 59.8. Watu ni wale wale, elimu ni ile ile. Kilichobadilika ni meza ya karani. Mwaka 1970 Bunge likaipiga marufuku mitihani nchi nzima, na 1975 likaifuta moja kwa moja.

Mwaka huo wa 1975 ndipo kilipoongezwa humo kifungu cha 203, kinacholazimisha kaunti zenye wasemaji wa kutosha kuchapisha kura kwa lugha zao. Lakini kinazitaja lugha za makundi fulani tu: Kihispania, za Waasia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Hata tuwe maelfu mangapi hapa, 203 haitatufikia mpaka Bunge liibadilishe. Kilichotubakia ni 208, iliyoongezwa 1982.

Na 208 si nadharia. Oktoba 2014, kaunti ya Williamson, Texas, mama mmoja mzaliwa wa India, msemaji wa Kibengali, alikwenda kupiga kura na mwanawe. Mwana akasema yeye ni mkalimani. Sheria ya Texas ilitaka mkalimani awe ameandikishwa katika kaunti hiyo hiyo, naye alikuwa wa kaunti jirani. Wakamkataa. Lau angejiita msaidizi, wangempitisha! Neno moja tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba sharti hilo linapingana na 208. Mama yule hakuwahi kuisikia hukumu hiyo, alikuwa ameshafariki.

Kwenda mahakamani nako kunazidi kuwa kugumu. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby, Mahakama ya Juu iliondoa kwa kura 5 dhidi ya 4 utaratibu uliokuwa ukiamua ni majimbo gani lazima yaombe ruhusa ya serikali ya shirikisho kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Julai 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, ya shirikisho, yenye mamlaka juu ya majimbo saba ya katikati ya nchi, iliamua kwamba raia binafsi hawezi kufungua kesi kwa kutumia 208. Ndiyo maana sikwenda kwa wakili. Nimekuja kwako.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Bandika tangazo la 208 kwenye mlango wa kila kituo, na liwe na Kiswahili. Waambie makarani, siku ya mafunzo yao, kwamba mpiga kura akisema "huyu ndiye atakayenisaidia," swali linalobaki ni moja tu: je, ni mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi? Tena toa karatasi ya mfano kwa Kiswahili, watu waisome nyumbani. Kaunti ya King, penye mji wa Seattle, huchapisha kura kwa Kisomali ilhali sheria ya shirikisho haiilazimishi. Sheria inaweka kiwango cha chini, haikukataza mtu kuzidisha.

Nilipomwambia mama nakuandikia, alinituma nikuulize kama lile swali la shule litarudi tena kwenye karatasi. Nijibu nikamwambie. Likirudi, tutakuja wawili, na safari hii ataigeuza karatasi.

Ni mimi,
Mpiga kura wa kaunti yako, mtoto wa Mombasa